Boksi la M, Simu ya N

Kuna watu ukiwakaribisha nyumbani, macho yao hayatulii. Watageuza sahani waone imetengenezwa wapi, watasoma chupa za dawa kabatini, watachungulia lebo ya pazia. Fundi wetu huyu alikuwa wa kabila hilo hilo la wadadisi, ila yeye alibahatika kupata kazi ambayo udaku ni sehemu ya utaalamu. Alikuwa fundi wa simu. Mtaa mzima ulimwita Jicho, kwa sababu ya lenzi ndogo nyeusi aliyoibana kwenye jicho la kulia tangu afungue kazi mpaka afunge, hata ikamwachia duara kwenye ngozi ambalo halikufutika siku za mapumziko. Akienda sokoni, watoto wa watu walimwonyesha kidole. Yeye alikuwa anasoma namba chini ya mizani ya muuza nyanya, wala hakuwaona.

Lenzi ilikuwa ya baba yake, aliyekuwa fundi saa enzi watu walipokuwa bado wanazivaa ili kujua saa. Mzee huyo alikuwa na sheria moja mezani kwake: saa haifunguliwi kabla haijageuzwa mgongo na kusomwa. Jicho, akiwa bado binti mdogo, aligeuza, akasoma namba zilizochongwa pale nyuma, na baba akamweleza ilitoka kiwanda gani, na kama ile kamba ya saa ilizaliwa nayo au imeolewa baadaye. Kwa mtoto wa umri ule hayo yalikuwa uchawi mtupu. Saa zilipokosa wateja, alihamia kwenye simu bila kulia sana, akabeba bisibisi zilezile, kibano kilekile na tabia ileile ya kusoma mgongo kwanza.

Meza yake ilikuwa ndani ya duka la fotokopi, kwenye kona ya dirishani. Mwenye duka, ambaye wote tulimwita Mama Fotokopi, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, na kati ya mashine yake yenye joto na dirisha la Jicho palikuwa na nafasi ya kupita mtu mmoja akivuta tumbo. Upande wa pili wa ukuta wa mbao nyembamba kulikuwa na kinyozi. Mashine ya kunyolea ikiwashwa huko, bisibisi za Jicho zilitetemeka mezani. Kinyozi mwenyewe hakuwa mtu baki. Alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa tumbo moja.

Sasa niwaeleze ule ugonjwa wa herufi. Kuna kampuni moja ya simu, na jina lake silitaji maana hawajawahi kunipa hata kava la bure, ambayo kila simu yake ina namba ya modeli. Unaingia kwenye Mipangilio, unafungua ukurasa wa Kuhusu, unaiona imekaa pale kimya. Wengi hawajawahi kuitupia macho. Lakini herufi ya kwanza ya namba hiyo inasema. Ikiwa M, simu iliuzwa mpya dukani. Ikiwa F, iliwahi kurudi kiwandani, ikatengenezwa na kuuzwa tena. Ikiwa P, ilichongwa maneno ya mwenyewe mgongoni siku ya kununuliwa. Na ikiwa N, ni simu ya kubadilishia: mtu alipeleka ya kwanza ina tatizo, akapewa hii badala yake.

Jicho alipoligundua jambo hilo, usingizi wa amani uliisha. Kila simu iliyotua mezani kwake, hata kama imeletwa kubandikwa kioo cha juu tu, ilipitishwa kwanza Kuhusu. Mteja alikuwa anaeleza shida, yeye anaitikia "ehe, ehe", kidole kiko kwenye namba. Mara moja karani mmoja alileta simu yenye P, lakini mgongo wake ulikuwa laini, bila herufi hata moja. Kioo cha nyuma kilikuwa kimebadilishwa na fundi mwingine kabla karani hajauziwa. Kwa hiyo kulikuwa na maneno. Mtu fulani aliwahi kuchagua maneno, yakachongwa, halafu yakavunjika na kutupwa na vioo vingine. Jicho alihangaika na maneno hayo wiki nzima. Lilikuwa jina la mtu? Tarehe? Msamaha? Alimuuliza karani, karani akasema yeye anachotaka ni simu ipate mtandao.

"Wewe dada, utakuja kusoma usichoombwa," Mama Fotokopi alimwambia siku hiyo, huku akipanga karatasi.

"Mimi nasoma tu. Kusoma kuna kosa gani?"

"Kusoma hakuna. Wewe huwa unasoma kwa sauti."

Na hapo ndipo lilipokuwa tatizo lake kweli. Jicho hakuwa mbaya wala mwenye kijicho, lakini mdomo wake haukuwa na breki. Alichokiona kwa lenzi kilishuka moja kwa moja mpaka ulimini bila kupita popote pa kukaguliwa.

Mdogo wake alikuwa mpiga pasi kwenye hoteli. Kutwa nzima alinyoosha mashuka waliyolalia watu asiowajua, mpaka yanarudi kuonekana kama hayajawahi kulaliwa. Kazi aliipenda, ila aliwahi kusema kwamba ndiyo maisha yake yote kwa kifupi: kunyoosha vya watu viwe kama vipya. Alikuwa kitinda mimba. Gauni lake la kwanza la shule lilikuwa la Jicho, viatu vya Jicho, begi la Jicho lenye jina la Jicho limekatwa kwa kalamu na lake kuandikwa pembeni. Hata mswaki, anadai yeye, ingawa Jicho anaapa kwamba hiyo ni chumvi. Mtu akikulia hivyo, kiu yake hutengenezeka mapema. Wengine wanaota jumba. Yeye alitaka kitu kimoja tu maishani ambacho mkono wa kwanza kukigusa ni wake.

Mumewe alilijua hilo fika. Kinyozi alikuwa mtu wa maneno mengi, mchekeshaji, anayekunyoa huku anakusimulia mpaka unasahau kuangalia kioo. Lakini kwa mkewe alikuwa anasikiliza. Wiki ile mkewe alipopandishwa cheo hotelini, akawa msimamizi wa chumba kizima cha pasi, mume alimletea boksi. Ndani mlikuwa na simu ya ile kampuni, imevikwa nailoni mbele na nyuma. Mdogo mtu hakuibandua palepale. Aliiweka mezani, akanawa mikono, akakausha, akaketi. Kisha akaanza pembeni kwa ukucha, polepole, huku kamkataza mtu yeyote kusema. Jicho alikuwepo siku hiyo, na niwaambie kwamba hata yeye, kwa mara moja, aliheshimu. Hakuigusa. Hakusoma kitu.

Miaka miwili ikapita kwa furaha zake na kelele zake. Simu ikaanza kuzimika hovyo, betri imechoka. Mdogo mtu akapita dukani kwa dada yake akitoka kazini, mikono bado inanukia mvuke wa pasi.

"Dada, niwekee betri. Ila uishike vizuri, hicho ndicho kitu changu."

"Nimewahi kukushikia kitu vibaya?"

"Begi langu la darasa la kwanza."

"Lilikuwa langu!"

"Ndiyo hicho ninachosema."

Walicheka. Jicho, huku anacheka bado, akaingia Mipangilio, kidole kikaenda kilipozoea kwenda. Na mdomo ukafuata kidole.

"Ee, hii mbona N? Hii haikununuliwa mpya, mdogo wangu."

Alilisema kama anavyomwambia mteja kuwa kava lake lina vumbi. Alipoinua uso, mdogo wake alikuwa ameacha kucheka, ila midomo ilikuwa bado haijajua.

"Unasema?"

"Hapana, ni namba tu, haina maana..."

"Dada. Unasema nini kuhusu simu yangu?"

Hebu mwoneni Jicho sasa, akijaribu kurudisha maneno mdomoni. Alisema namba hizo wakati mwingine hukosea, na uongo huo ulikuwa mbaya kuliko ukweli, maana mdogo wake alikuwa amemsikia miaka nenda rudi akiapa kwamba herufi haikosei. Mpiga pasi akaichukua simu yake kutoka mkononi mwa dada, bila betri mpya, bila kuaga, akapita mlangoni. Upande wa pili wa ukuta mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma, na sauti ya kinyozi ikisimulia kitu kwa mteja, na mteja akicheka. Bisibisi zilitetemeka mezani.

Asubuhi yake mdogo mtu alikuwa mlangoni kwa Jicho na begi la nguo. Alikuwa ameshamuuliza mumewe. Alimuuliza: hii simu uliinunua mpya? Akajibu: mpya, mke wangu, dukani. Akamwambia: dada amesoma namba, inasema si mpya. Na yule mtu wa maneno elfu akanyamaza. Hakubisha, hakufoka, hakucheka. Alikaa kitandani akiangalia vidole vyake vya miguu.

"Angebisha ningemwamini," mdogo alisema, amesimama bado na begi begani. "Mwanamume huyu hubishana na redio, dada. Leo kakosa la kusema?"

"Kaa kwanza."

"Kama ni mtumba angeniambia tu ni mtumba. Mimi nimevaa mitumba maisha yangu yote, ningeikataa? Ila aliivika nailoni! Alinikalisha pale nikanawa mikono, ananiangalia!" Sauti ikamkatika. "Halafu nikajiuliza, ya nani? Alikuwa nani huyo aliyekuwa nayo, mpaka ikashindikana hata kutamka? Ni mwanamke mwingine, dada, hakuna kingine. Na kama simu ni ya mtu, hii pete je?"

Kilichomuuma Jicho zaidi ni kwamba ndoa nzuri kuliko zote alizozifahamu, yake mwenyewe ikiwemo enzi ilipokuwepo, ilikuwa imepasuka kwa sababu ya herufi moja aliyoitamka yeye huku akicheka. Kama haitaungwa, atamwangalia vipi mdogo wake usoni? Alimtandikia kitanda, akamchemshia chai, akaomba msamaha mara nyingi mpaka mwenzake akamwambia basi, wewe hukuinunua.

Lakini mdadisi ni mdadisi hata akiwa na majuto. Mdogo alipolala kidogo, Jicho alianza kumtolea nguo begini ili azitundike zisikunjamane, maana mpiga pasi aliyekunjamana ni huzuni juu ya huzuni. Katikati ya nguo akakuta boksi. Boksi tupu la simu. Akasimama nalo. Mtu anamkimbia mumewe, anabeba nguo chache na boksi lisilo na kitu? Kisha akaelewa: hata kwa hasira zote zile, lilikuwa boksi lake la kwanza, na hakuwa tayari kuliacha.

Ndipo akaligeuza mgongo.

Pale chini, kwenye karatasi ndogo nyeupe, kulikuwa na namba ya modeli. Ilianza na M. Jicho akaitafuta simu ya mdogo wake, ilikuwa mezani imezimika, akaichomeka chaja, akasubiri huku anauma ukucha. Ikawaka. Kuhusu. N. Lakini baada ya herufi, tarakimu zilikuwa zilezile kwenye boksi na kwenye simu, moja baada ya nyingine mpaka mwisho. Alizisoma kwa kidole kama mtoto anayejifunza.

Akakaa kitako sakafuni. Nywele zilimsimama kidogo, kwa ile raha ambayo ni wadadisi tu wanaoijua. Wauza simu za mtumba huchomeka simu kwenye boksi lolote lililo karibu, la rangi nyingine, la ukubwa mwingine, hawana simile. Hapa kila kitu kimelingana isipokuwa herufi ya mbele. Maana yake nini? Maana yake palikuwa na simu ya kwanza. Simu mpya, ya M, iliyokaa ndani ya boksi hili hili. Na ikapelekwa kubadilishwa. Na aliyeipeleka alikuwa na boksi.

Kwenye boksi kulikuwa pia na namba ya utambulisho wa ile simu ya kwanza. Jicho akaiingiza kwenye ukurasa wa kampuni kupitia simu yake mwenyewe. Jibu likaja kwa ufupi, bila salamu: simu hiyo ilishabadilishwa. Akatazama tarehe ya kutengenezwa iliyoandikwa kwenye boksi, akakumbuka mdogo wake alipandishwa cheo lini: zilipishana wiki chache tu. Kinyozi asingeweza kuwa amempa mwanamke mwingine kabla ya mkewe. Hapakuwa na muda.

"N ni jibu," alijiambia kwa sauti, kwa sababu hata peke yake alisema kwa sauti. "Swali lilikuwa nini?"

Mtu mwingine angemwamsha mdogo wake palepale. Na kusema kweli Jicho alifika mpaka mlangoni mwa chumba. Lakini jana ilikuwa bado inamchoma. Alikuwa amesoma nusu akatamka yote. Safari hii alitaka kusoma mpaka mwisho kwanza. Akalichukua boksi, akalifunika kwa kanga, akashika njia ya dukani.

Kinyozi alikuwa na mteja kitini, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, mwingine bado msitu. Redio ilikuwa imezimwa. Kwa mara ya kwanza tangu duka lile lifunguliwe, hakuna aliyesimuliwa kitu; ilinguruma mashine peke yake. Jicho akaliweka boksi kwenye meza ya vioo, kati ya poda na brashi.

"Shemeji, ya kwanza iko wapi?"

Kinyozi alilitazama boksi. Akazima mashine.

"Bwana, nimalizie kwanza," mteja akasema.

"Subiri kidogo kaka," kinyozi akamwambia. Akavuta kiti cha kusubiria, akaketi. "Nani amekwambia kuna ya kwanza?"

"Boksi."

Kinyozi akaonyesha kwa kidole ndoo ya plastiki iliyokuwa kona, ile anayooshea vitana kwa maji ya dawa.

"Humo."

Hadithi ikamtoka taratibu, kama mtu anayevua kiatu kinachobana. Aliinunua mpya, dukani, kama alivyosema. Akaja nayo hapa kazini kuisubiria jioni. Akafungua boksi. Akabandua nailoni ya mbele. Akaiwasha, akaishika juu juu namna hii, mkono una mafuta ya nywele, na simu ikachomoka ikaingia kwenye ndoo, kichwa kwanza. Akaitia kwenye mchele, akaipuliza kwa feni, haikufufuka. Kesho yake akapanda basi la mapema mpaka kwa wakala wa kampuni, akaongezea hela, na baada ya kusubiri akapewa nyingine. Ila hiyo ya pili ilikuja kwenye boksi jeupe tupu, halina hata picha, na ndani haina nailoni wala chochote.

"Nikasema nikimpelekea hivi, atajua haikuwa ya kwanza. Nikairudisha kwenye boksi lake zuri. Nailoni nikamwomba Mama Fotokopi, ile ya kufunikia madaftari. Nikaikata kwa mkasi wangu wa masharubu."

Jicho alitoa macho. "Mama Fotokopi anajua?"

Kutoka ng'ambo ya ukuta wa mbao ikaja sauti ndogo: "Mimi sisomi kwa sauti."

Miaka miwili Jicho alikaa hatua chache kutoka kwenye siri ile, mtaalamu wa kusoma migongo, na hakuwahi kunusa kitu. Angekasirika, lakini hakuwa na nafasi.

"Sasa kwa nini hukumwambia jana? Alikuuliza!"

"Nimwambie nini? Kwamba niliifungua mimi?" Kinyozi alijifuta uso kwa kitambaa cha wateja. "Shemeji, wewe unajua alivyo. Kitu kimoja tu alichotaka, awe wa kwanza, na mimi nikabandua nailoni yake kwa mikono hii. Bora aamini ni mtumba. Mtumba ni kosa la mfuko, anaweza kunisamehe. Hili je?"

"Haamini ni mtumba," Jicho akasema. "Anaamini ilikuwa ya mwanamke mwingine. Amefika mpaka kwenye pete."

Kinyozi alisimama. Alikuwa mweusi wa uso wenye kung'aa, na rangi ile ilizimika kabisa. Inaonekana lilikuwa jambo pekee ambalo halikuwahi kumjia kichwani usiku mzima. Akavua aproni, akaidondosha, akalinyakua boksi, akatoka mlangoni bila kufunga duka.

"Na mimi?" mteja akauliza, akijishika upande wenye msitu.

"Hamia upande huu nikutolee kopi," Mama Fotokopi akamjibu kupitia ukutani.

Walipofika nyumbani kwa Jicho, mpiga pasi alikuwa ameshaamka na alikuwa amevua mapazia yote ya Jicho, anayapiga pasi kwa hasira. Mvuke umejaa chumbani. Alimwona mumewe, akaendelea kunyoosha.

"Nimekuja kusema," kinyozi akasema.

"Jana ulikuwa bubu."

"Jana niliogopa."

Akasema. Akasimulia yote akiwa amesimama mlangoni, boksi mkononi, bila mzaha hata mmoja: duka, nailoni, mafuta ya nywele, ndoo, basi, boksi jeupe, mkasi wa masharubu. Mkewe aliendelea kunyoosha pazia lilelile, mahali palepale, mpaka Jicho akaogopa kwamba litaungua. Mume alipomaliza, pasi ikawekwa kando.

"Kwa hiyo niliyoibandua siku ile ilikuwa nailoni ya madaftari."

"Ndiyo."

"Nikanawa mikono kwa ajili ya nailoni ya madaftari."

"Ndiyo, mke wangu."

Jicho alijibanza kwenye kabati, anatamani kuwa pazia.

"Na kwa nini uliifungua?" mkewe akauliza. Hakuwa anapiga kelele. Alitaka kujua kweli. Damu ni moja, na dada mtu hakuwa mdadisi peke yake katika ukoo ule. "Ulijua. Ulikuwa mtu pekee duniani anayejua. Kwa nini hukungoja?"

Kinyozi alijibu akiliangalia boksi.

"Nilitaka kuandika namba yangu. Nilisema utakapoiwasha, ukute kuna jina moja tu mle ndani, na ni langu. Wewe ulitaka uwe wa kwanza kwenye simu. Na mimi nilitaka niwe wa kwanza, ndani yake."

Mpiga pasi alimtazama mumewe, na usoni mwake vitu vilikuwa vinapishana, hasira inatoka, kicheko kinataka kuingia, machozi yamewahi mlango. Akanyoosha mkono kwenye simu yake pale mezani. Akafungua orodha ya majina, akaipanga kuanzia lililoandikwa mapema kuliko yote, akamgeuzia kioo asome.

"Wewe mjinga," akamwambia, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Nilikuandika kabla hata sijaichomeka chaji. Ulienda kuzamisha simu nzima kwa kazi ambayo ningeifanya mwenyewe."

Sitaeleza yaliyofuata, mambo ya watu na ndoa yao. Jicho mwenyewe alitoka akasimama uani, na kwa maelezo yake hakuchungulia. Mimi namwamini nusu.

Betri ilikuwa bado haijabadilishwa. Siku iliyofuata mdogo mtu alikuja nayo dukani, akavuta kiti akakaa mbele ya meza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ng'ambo ya ukuta mashine ilinguruma na kinyozi alikuwa anasimulia kitu kirefu cha uongo. Jicho alipasha kioo moto, akalainisha gundi, akaanza kukiinua.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Simu ya N haina hadithi moja. Zipo zinazotoka kiwandani mpya kabisa, hazijawahi kuwa za mtu, zimetengenezwa kwa ajili ya kubadilishia tu. Na zipo zilizojengwa upya kutoka kwenye simu ya mtu, wakaweka kioo kipya na betri mpya na kuipa maisha ya pili. Herufi haisemi ni ipi. Lakini fundi mwenye lenzi, akishafungua, anaweza kuona: kichwa cha skrubu kilichowahi kuumwa na bisibisi, alama ya gundi juu ya gundi. Mdogo wake alikuwa anaijua kazi hii kwa kuisikia, na alijua dada yake sasa hivi anakwenda kujua.

Kioo kikanyanyuka. Jicho akainama, lenzi ikashuka mpaka karibu na skrubu ya kwanza. Akatazama. Akatazama ya pili. Akaona, wazi kabisa kama mchana, alichokuwa anakitafuta.

Shingo yake ilijaa. Mdogo mtu aliiona ikijaa. Alikuwa ameiona hivyo tangu utoto, kila mara kabla ya siri kutoka.

"Usiniambie," akasema.

"Lakini ni kwamba..."

"Dada. Niliandika jina lake mle mimi mwenyewe, kwa kidole changu. Kabla yangu kama alikuwepo mtu, abarikiwe, alinitunzia. Weka betri."

Jicho akaweka betri. Akakaza skrubu moja moja, akabandika kioo, akakandamiza kwa viganja viwili mpaka gundi ikashika, huku ameziba midomo kama mtu aliyejaza maji, na machozi ya kujizuia yanamtoka kwenye jicho lisilo na lenzi.